Linki yenye muda: namna ya kutuma faili la siri na kulifunga tena

Msimu wa kahawa ukifunguka Mbozi, au wa kakao kule Kyela, kuna faili moja huanza kuzunguka kutoka simu hadi simu: orodha ya wakulima wa chama cha msingi. Ndani yake mna majina, namba za simu, namba za NIDA, kilo alizopeleka kila mmoja, na siku hizi hata vipimo vya GPS vya mashamba. Karani anamrushia mwenyekiti kwa WhatsApp, mwenyekiti anamfowadia mnunuzi, mnunuzi anampa msafirishaji. Karani mjanja kidogo analipandisha Google Drive, anachagua "yeyote mwenye linki", anatuma, anarudi kwenye mizani. Mwaka unaofuata linki ile bado iko hai, imeshafika kwenye makundi ambayo yeye mwenyewe hayajui.

Hapa naeleza njia nyingine: faili linabaki limefungwa kwenye hifadhi yako ya mtandaoni, unatoa linki ya saa chache kwa mtu mmoja, linki inakufa. Nimelenga karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), lakini mhasibu wa kiwanda cha mbao Mafinga, mwanafunzi wa chuo cha MUST au Mkwawa mwenye data za utafiti, na mgonjwa anayetaka picha zake za CT zionwe na daktari aliye mbali watapita njia ileile. Baadhi ya hatua zinahitaji kompyuta. Nyingine simu inatosha.

Kwanza elewa unachotengeneza

Linki ya kawaida ya kushirikiana faili ni anwani ndefu ambayo si rahisi kuibahatisha. Inaishi mpaka mtu akumbuke kuizima, na watu hawakumbuki.

Linki yenye muda, kwa namna zinavyotengenezwa na hifadhi kama Amazon S3, Google Cloud Storage au Cloudflare R2, inabeba habari zake zote ndani ya maandishi yake: ni faili lipi, ilitengenezwa saa ngapi, itaishi sekunde ngapi, na mwishoni saini iliyokokotolewa kwa ufunguo wa siri wa akaunti yako. Mtu akiifungua, seva inakokotoa saini upya. Zikilingana na muda haujapita, anapewa faili. Akijaribu kuwa mwerevu, akabadilisha 3600 kuwa 360000 ili ajiongezee muda, saini hailingani tena na anakataliwa. Ufunguo wenyewe haumo kwenye linki, kwa hiyo hawezi kutengeneza saini yake.

Kutokana na hilo kuna mambo matatu ambayo watu wengi hawaambiwi. Seva haimuulizi anayefungua yeye ni nani. Aliye na linki ndiye mwenye ruhusa. Pili, linki haihesabu: ndani ya muda wake inaweza kufunguliwa mara moja au mara mia mbili. Tatu, kampuni yenye hifadhi haina orodha ya linki ulizotengeneza, maana saini inapigwa kwenye kompyuta yako bila hata kuiarifu seva. Ndiyo sababu hutakuta kitufe cha kufuta linki moja. Tutalirudia hili kwenye hatua ya kuzima.

Hatua ya 1: Punguza kabla ya kutuma

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haihitaji teknolojia yoyote. Jiulize anayepokea anahitaji nini hasa.

Chukua mfano wa mnunuzi wa kahawa anayeuza Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 kuhusu mazao yasiyotokana na ukataji misitu inagusa kahawa na kakao, na pia mbao. Tarehe ya kuanza kutekelezwa imesogezwa mbele, lakini wanunuzi walishaanza kudai taarifa. Wanachohitaji ni mahali shamba lilipo: kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja ya GPS inatosha, na kwa kubwa zaidi inatakiwa mipaka yake. Namba ya NIDA ya mzee wa Mlowo haihitajiki hapo hata kidogo. Tena namba hiyo yenye tarakimu 20 inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiitoa umetoa na tarehe ya kuzaliwa bila kujua, na ndiyo hiyohiyo aliyosajilia laini ya simu anayopokelea malipo.

Kwa hiyo tengeneza nakala mpya. Usifiche safu kwenye Excel ukadhani umeiondoa. Safu iliyofichwa hufunuliwa kwa mibofyo miwili, na vivyo hivyo ukurasa uliofichwa. Nakili safu zinazotakiwa tu, zibandike kwenye faili jipya, hifadhi kama CSV. Badala ya majina weka namba ya mwanachama, majina yabaki ofisini. Picha za CT na MRI zina mtego wa aina hiyo: mafaili ya DICOM, muundo unaotumika kuhifadhi picha za hospitali, hubeba jina la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa ndani ya faili lenyewe, hata kama jina la faili ni tarakimu tupu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Chama kinachotuma orodha ya wanachama Hamburg kinahusika, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja pembeni ya ghala.

Jina la faili pia lifikirie. Linaonekana wazi ndani ya linki. "Madeni_ya_wanachama.xlsx" limeshasema nusu ya siri kabla halijafunguliwa. Liite "m-0610" na maisha yaendelee.

Hatua ya 2: Lifunge faili lenyewe

Linki ikivuja, kuwe na kufuli la pili. Kwenye kompyuta tumia 7-Zip, ambayo ni ya bure. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua kuongeza kwenye kifurushi, weka aina ya 7z, andika neno la siri, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha kuficha majina ya mafaili. Ufungaji unaotumika ni AES-256, ambao ni imara. Ukichagua aina ya zip badala ya 7z, angalia njia ya ufungaji isibaki kwenye ZipCrypto, ambayo ni ya zamani na inavunjika. Anayepokea kwa simu ya Android anaweza kufungua 7z kwa programu ya ZArchiver.

Neno la siri liwe maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo unaweza kuyatamka kwenye simu bila kutafuna ulimi. Ukichanganya Kiswahili na Kinyakyusa au Kihehe, sawa kabisa. Usitumie jina la chama na mwaka. Hilo ndilo la kwanza kujaribiwa na kila mtu. Na lipite njia nyingine: linki ikienda WhatsApp, neno la siri lisemwe kwa kupiga simu. Kuvituma vyote kwenye ujumbe mmoja hakuna tofauti na kuacha faili wazi.

Hatua ya 3: Chagua hifadhi

Wengi wetu tuna akaunti ya bure ya Gmail. Hapo usitegemee kupata tarehe ya mwisho ya linki. Tarehe ya mwisho ya ruhusa ni jambo la akaunti za kazini na za shule zinazostahili. Lakini bado kuna njia ya maana: acha faili kwenye hali ya kuzuiwa, mwongeze mpokeaji kwa anwani yake ya barua pepe, mpe uwezo wa kutazama tu, halafu weka alama kwenye kengele ya simu ya siku ya kumwondoa. Ni njia ya mkono, lakini ina ubora mmoja ambao linki zenye saini hazina: Google inajua nani amefungua, kwa sababu lazima aingie na akaunti yake. Linki ikifowadiwa kwa mtu mwingine, huyo anakataliwa.

OneDrive inatoa tarehe ya mwisho na neno la siri kwa wanaolipia Microsoft 365. Dropbox nayo inaviweka kwenye mipango ya kulipia. Nextcloud, programu huria unayoweza kuiweka kwenye seva yako au ukaikodi, ina vyote viwili bila malipo ya ziada. Kama chuo au taasisi yako tayari ina seva, waombe mafundi wenu, hilo ndilo chaguo langu la kwanza. Bitwarden Send ni nzuri kwa mafaili madogo: unaweka siku ya kufutwa isiyozidi siku 31, neno la siri, na idadi ya mara linki inayoweza kufunguliwa. Mtumiaji wa bure hutuma maandishi tu. Mafaili ni kwa anayelipia.

Kwa anayetuma mara kwa mara, na mafaili makubwa, hifadhi ya aina ya S3 ndiyo inayofaa. Unalipia unachotumia, na linki unaipangia muda hadi sekunde. Hatua inayofuata inaihusu hiyo. Wa Drive na Nextcloud wanaweza kuruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 4: Tengeneza linki

Fungua baketi mpya (yaani chombo cha kuwekea mafaili ndani ya hifadhi hiyo) kwa ajili ya kutuma tu, usichanganye na ile ya nakala rudufu za ofisi. Ukiwa Amazon, eneo la Cape Town, af-south-1, ndilo la Afrika; lazima uliwashe kwanza kwenye akaunti. Tangu Aprili 2023 baketi mpya za S3 huja zikiwa zimefungwa kwa umma. Ziache hivyo. Mafunzo mengi ya YouTube yatakuambia uondoe kizuizi hicho ili "linki ifanye kazi"; linki yenye saini inafanya kazi baketi ikiwa imefungwa, na hiyo ndiyo maana yake yote.

Tengeneza mtumiaji wa pembeni ambaye kazi yake ni kusoma tu kwenye baketi hiyo. Ruhusa moja, s3:GetObject, basi. Linki haiwezi kuwa na nguvu kuliko aliyeisaini, kwa hiyo ukisaini kwa ufunguo wa mwenye akaunti yote unajitafutia balaa bila sababu. Faili lenyewe lipandishe kwa akaunti yako ya kawaida, kisha kwenye kompyuta yenye programu ya AWS (huduma za Amazon), iliyowekewa ufunguo wa mtumiaji huyo wa pembeni, andika:

aws s3 presign s3://jina-la-baketi/leo/m-0610.7z --expires-in 28800 --region af-south-1

Namba ile ni sekunde. Saa moja ni 3600, saa nane ni 28800, siku nzima 86400. Usipoandika namba yoyote utapewa 3600. Kikomo cha juu ni 604800, yaani siku 7, na huwezi kukivuka hata ukilipa. Ukitengeneza linki kupitia ukurasa wa Amazon kwenye kivinjari badala ya amri, kikomo ni saa 12. Google Cloud Storage na Cloudflare R2 nazo zinaishia siku 7.

Kuna mtego mmoja unaosumbua hata mafundi. Ukisaini kwa utambulisho wa muda, mfano ule unaopewa ukiingia kupitia mfumo wa kazini, linki inakufa utambulisho ule unapokufa, hata kama umeandika siku 7. Mpokeaji atakupigia baada ya saa moja akisema imekataa, na wewe utaapa kwamba umeweka wiki. Ndiyo sababu nimesema mtumiaji wa pembeni mwenye ufunguo wake wa kudumu. Ufunguo huo utunze kama muhuri wa chama.

Kikomo cha siku 7 kinawaudhi wengine, wanatafuta njia ya kukikwepa. Mimi nakiona ni rehema. Azure, huduma ya Microsoft, inaruhusu aina moja ya linki isiyo na kikomo hicho, na mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Wiz ilieleza jinsi watafiti wa Microsoft yenyewe walivyoacha linki ya namna hiyo kwenye ukurasa wa wazi, ikiwa na ruhusa kwa hifadhi nzima, yenye data terabaiti 38. Tarehe yake ya mwisho ilikuwa imewekwa mwaka 2051.

Hatua ya 5: Pima muda kwa mtandao wa anayepokea

Miongozo ya Ulaya na Marekani itakuambia weka dakika 5 au 15. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye nyaya za kasi chini ya meza. Kwetu hesabu inaanzia upande wa pili.

Tuseme picha za CT zina megabaiti 600. Daktari akiwa na mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, zitashuka kwa dakika 40 hivi. Mtandao ukiwa nusu megabiti, hali ya kawaida ukiwa bondeni Makete au Ludewa mnara unapobaki na kijiti kimoja, ni saa mbili na dakika 40. Hapo hujahesabu umeme kukatika, au mtu kusubiri bando la usiku kwa sababu la mchana limeisha.

S3 inakagua muda pale upakuaji unapoanza. Mtu akianza dakika moja kabla ya mwisho, ataendelea hadi amalize. Lakini mtandao ukikatika katikati na simu ikajaribu kuendelea baada ya muda kupita, hilo ni ombi jipya na litakataliwa. Megabaiti 580 zimekwenda na maji, na bando nalo limekwenda. Kwa hiyo faili kubwa ligawe. 7-Zip inaweza kulikata vipande vya megabaiti 50, kila kipande na linki yake. Ni usumbufu, lakini kipande kimoja kikikatika hupotezi vyote.

Kipimo ninachokitumia: mara tatu ya muda wa kupakua, na isipungue saa mbili, na isivuke siku ya kazi. Kwa mtu mwenye mtandao mzuri ambaye mmeshaongea naye na yuko mezani, dakika 30 zinatosha. Kwa mnunuzi wa nje asiyejibu hadi kesho, usimpe siku 7 "ili awe huru". Mwambie akuandikie akiwa tayari, umtengenezee hapo hapo.

Saa nayo inachanganya. Ukiiangalia linki ya S3 utaona kitu kama X-Amz-Date=20250610T060000Z. Herufi Z inamaanisha saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa 06:00 hiyo ni saa 09:00 ya hapa, yaani saa tatu asubuhi. Ukiongeza sekunde 28800 linki inakufa saa kumi na moja jioni. Mnunuzi wa Hamburg mwezi Juni yuko saa moja nyuma yetu, mwandikie 16:00 ya kwake. Ukimwandikia "saa 11" ataelewa asubuhi, na wewe ulikuwa na maana ya jioni.

Na angalia saa ya kompyuta yako. Zile kompyuta za ofisini ambazo betri ndogo ya ndani imeshakufa, kila umeme ukirudi zinaamka zikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Saini inatumia saa hiyo. Utatengeneza linki ambayo imezaliwa ikiwa marehemu.

Hatua ya 6: Tuma kwa mtu, si kwa kundi

Linki iende kwenye ujumbe wa mtu binafsi. Kundi la chama lina watu waliohama, waliouza simu, na simu zinazoshikwa na watoto. Ujumbe ueleze mwisho wa linki na kinachofuata, kwa mfano:

"Shikamoo mama. Orodha ya mashamba hii hapa chini. Linki itakufa leo saa kumi na moja jioni, saa zetu. Naomba usimtumie mtu mwingine. Kama bwana shamba anaihitaji, niambie nimtengenezee yake. Neno la siri nitakupigia."

Usiifupishe linki kwa huduma za kufupisha, hata kama inaonekana ndefu kama treni ya TAZARA. Mwaka 2016 watafiti Martin Georgiev na Vitaly Shmatikov walionyesha kwamba linki fupi za OneDrive zenye herufi sita ziliweza kubahatishwa na kompyuta, linki moja baada ya nyingine, na wakafika kwenye mafaili ya watu. Ukifupisha, saini ndefu uliyoitengeneza umeibadilisha kwa herufi chache.

SMS za kawaida ziepuke kwa linki hizi. Hukatwa vipande, na herufi moja ikipotea saini imeharibika. Kama umetumia linki ya kufunguliwa mara moja, kumbuka kwamba baadhi ya programu za ujumbe na seva za barua pepe huifungua zenyewe ili kuonyesha muhtasari au kukagua virusi. Mpokeaji anaikuta imeshatumika. Weka mara tatu badala ya moja.

Halafu kuna steshenari. Watu wengi Kabwe (Mbeya) au Miyomboni (Iringa) wanaifungua linki kwenye kompyuta ya kuchapishia, kwa sababu ndipo printa ilipo. Linki inabaki kwenye historia ya kivinjari na faili linabaki kwenye folda ya Downloads pamoja na vyeti vya watu wengine mia. Kama lazima uchapishe huko, mwombe kijana afungue dirisha la faragha, simama pale hadi karatasi itoke, kisha afute faili kwenye Downloads na kwenye kapu la taka ukiona. Hakuna atakayekasirika. Na kama wewe ndiye mwenye steshenari, fanya hivyo bila kuombwa. Wateja wa vyeti na mikataba watakujua.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla ya kumpa mtu

Tengeneza faili la uongo lenye neno "jaribio", lipitishe njia yote. Fungua linki kwenye simu isiyo na akaunti yako, kwa data ya simu na si kwa Wi-Fi ya ofisi. Toa linki ya sekunde 60 pia, subiri ipite, ifungue tena. Inatakiwa ikatae. Kisha ondoa kila kitu baada ya alama ya kuuliza kwenye anwani, ufungue kilichobaki. Faili likishuka bila saini, baketi yako iko wazi kwa dunia nzima na kazi yote ya juu ni bure. Rudi hatua ya 4.

Hatua ya 8: Zima mapema, futa nyuma yako

Mpokeaji akisema "nimepata", usisubiri saa ya mwisho. Futa faili kwenye baketi ya kutuma, linki inabaki anwani isiyo na kitu. Kama umewasha utunzaji wa matoleo ya zamani, nakala bado ipo ndani kwa ajili yako, ila linki ile haitaifikia. Kwa Nextcloud na OneDrive ni kuondoa ruhusa tu. Kwa wasahaulifu, S3 ina kanuni ya kufuta yenyewe kila kilichozidi siku moja kwenye folda fulani. Iweke mara moja usiiguse tena.

Ukigundua linki imeangukia mikono mibaya na hujui zipo ngapi, zima ufunguo wa yule mtumiaji wa pembeni. Linki zote alizowahi kusaini zinakufa kwa pamoja, nzuri na mbaya. Kisha tengeneza ufunguo mpya. Hapa ndipo faida ya kutomtumia mwenye akaunti yote inapoonekana, maana ofisi nyingine haitikisiki.

Alichokwisha kupakua mtu, amekwisha. Hakuna kuzima kunakorudisha faili kutoka kwenye simu ya mtu, na kitufe cha kuzuia upakuaji kwenye Drive hakizuii picha ya skrini. Kwa hiyo weka daftari, hata la karatasi: tarehe, faili, aliyepewa, saa ya mwisho. Mkulima akija kuuliza nani amepewa ramani ya shamba lake, jibu liwepo.

Ikikataa

Ujumbe wa "Request has expired" maana yake ni wazi: muda umepita. Usiongeze muda kwa mazoea. Muulize kwanza kilichomchelewesha, kama ni mtandao, mgawie vipande.

"SignatureDoesNotMatch" mara nyingi ni linki iliyokatika wakati wa kunakili. Itume upya kwa barua pepe.

"AccessDenied" bila maelezo inaweza kuwa ruhusa ya msaini imeondolewa, au faili halipo kabisa: S3 humjibu hivyo mtu asiye na ruhusa ya kuorodhesha baketi, badala ya kumwambia halijapatikana. Angalia tahajia ya jina kwanza. Herufi kubwa na ndogo kwa S3 ni vitu viwili tofauti, na amri ya kusaini haikagui kama faili lipo. Itakupa linki safi kabisa ya faili lisilokuwepo.